Doa Likae Nje

Tarehe 9 Januari

Povu mwanangu,

Salamu hizi zinatoka kwenye mikono iliyochunika kwa sabuni, kwa hiyo zipokee taratibu. Mimi mzima. Magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi, lakini yananibeba. Mashine kubwa imewekewa mkanda mpya, sasa inanguruma kama mtu mwenye akili timamu. Mke wa fundi cherehani amejifungua mapacha, na tangu siku hiyo fundi anashona mashati yenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi. Wateja wanamsamehe.

Habari nyingine sikutaka kuiandika, ila ukiisikia kwa mtu utasema shangazi kaficha. Baba yako amerudi. Huyo huyo, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuacha mlangoni kwangu na nepi imelowa, akasema anakwenda kutafuta maisha. Hakuyapata. Amerudi na mfuko wa plastiki na meno pungufu. Ananiambia, "Dada, damu nzito kuliko maji." Nikamjibu, damu ndiyo ninayoifua kila siku kwenye mashuka ya hospitali, uzito wake naujua. Akacheka. Akakaa. Anakula kwa sauti, anakohoa bila kuziba mdomo, na juzi nilimkuta anatema kwenye karai la kulowekea foronya. Nimelisugua karai lile mpaka likawa jembamba, na bado nikiliona nalisugua tena.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi, redio inaongea, mara namsikia mkuu wa kituo chako cha kutazama Jua. "Niliona wimbi kubwa likikimbia juu ya Jua, likagonga, likarudi." Niliona, anasema. Nikaacha pasi ikae wima, nikasubiri jina lako. Nikasubiri mpaka wakaanza habari za mpira. Hakuna. Mwaka juzi uliniandikia kwamba kazi yako ni kukaa mbele ya zile picha mchana kutwa wakati wakubwa wako kwenye mikutano. Basi aliyeona ni nani? Mimi nimekusomesha kwa jasho la watu wagonjwa, shuka moja baada ya jingine, na sikufanya hivyo ili mtu mwenye sauti nzito aseme "niliona".

Nijibu hilo tu: jina lako limo au halimo? Simu sipigi, baba yako analala karibu nayo na masikio yake hayalali.

Shangazi yako


Tarehe 21 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Huku kilimani ukungu ulifunga barabara, gari la barua likalala chini siku nyingi. Mimi mzima, ila nimeacha kula kantini. Napika chumbani, kwenye jiko dogo ulilonipa. Kile kifuniko chake bado kinaruka maji yakichemka, na bado nakishtukia.

Wape hongera watu wa mapacha.

Umeuliza kuhusu wimbi. Redio haielezi kitu, ngoja nikueleze mimi. Jua limezungukwa na gesi nyepesi, ya moto kuliko uso wa Jua lenyewe, sisi tunaiita taji. Kukitokea mlipuko mahali pamoja, unaona kwenye picha duara linang'aa, linatanuka, linakimbia juu ya taji lote. Kasi yake kilomita mia nne kwa sekunde, mengine zaidi. Ndani ya saa moja limekwisha kupita nusu ya Jua.

Ugomvi wa wataalamu ni kwamba duara hilo ni nini. Wewe unayajua maduara mawili. La kwanza, dondosha tone kwenye beseni: duara linakimbia, linagonga ukingo, linarudi. Kifungo kikiwa kinaelea kinapanda na kushuka tu, hakisafiri. Hilo ni wimbi. La pili, dondosha spiriti juu ya doa la wino. Duara linatanuka pia, lakini linabeba uchafu wenyewe, linausukuma nje, likifika kwenye mshono linasimama. Halirudi kamwe. Ndivyo ilivyo pale mlipuko unapozisukuma pembeni nguvu za sumaku za Jua, gesi inabanwa kwenye ukingo, ukingo unang'aa. Ukiliangalia kwa haraka unasema wimbi, kumbe ni doa linahama.

Siku hizi wengi wanasema mara nyingi yote mawili yapo, wimbi mbele na doa nyuma yake. Utayatofautishaje? Subiri lifike kwenye moja ya yale maeneo meusi ya taji tunayoyaita mashimo. Likigonga ukingo wa shimo na kurudi, ni la beseni. Ndiyo maana kila mtu anatamani kuliona linarudi.

Mvua imeanza tena. Nitaishia hapa.

Wako, Povu


Tarehe 17 Machi

Povu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nimeelewa maduara, nimeelewa mashimo. Nimepiga na hesabu: kutoka hapa hadi kilimani kwako ni kilomita elfu moja na mia mbili. Wimbi lako lingefika kwa sekunde tatu. Barua imechukua siku kumi na tisa, na ilipofika, swali langu halikuwamo ndani. Umenijibu Jua. Sikukuuliza Jua.

Na huyo baba yako. Kinyozi kaambiwa, mwenye bucha kaambiwa, hata watu wa kukusanya takataka wameambiwa: "Binti yangu ndiye aliyeligundua wimbi la Jua." Wamembandika jina, Baba Jua. Analiitikia. Mteja mmoja, mama wa watu, kaleta gauni la harusi lenye mchuzi kifuani, yeye kalivuta mikononi mwake na vidole vyake vya samaki, anamweleza jinsi alivyokufundisha kuhesabu. Kukufundisha kuhesabu yeye. Wewe ulijifunza kuhesabu kwa vifungo vilivyobaki chini ya mashine yangu. Nikamnyang'anya gauni.

Nikaona bora nimpe kazi awe nyuma, wateja wasimwone. Anakunja mashuka. Jambo la kushangaza, anakunja vizuri, kona kwa kona. Nimemfundisha sheria ya nyumba: nguo chafu ikiingia, ikunjwe doa likae nje, anayefua alione kabla ya kitu kingine. Wewe uliijua sheria hiyo kabla hujajua kusoma. Yeye kaniuliza, "Dada, kwani lazima watu waone?" Nikamwambia fanya kazi.

Sasa narudia. Jina lako limo au halimo? Kama halimo, niambie, nitapanda basi nije nimuulize huyo bwana mbele ya walinzi wake.

Shangazi yako asiyesahau


Tarehe 30 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Usipande basi. Jina langu limo.

Limo la pili, chini ya la Mkuu, kwenye ripoti aliyoipeleka kwenye jarida la wataalamu. Hakuniuliza. Shida yangu ni kwamba limo.

Nikueleze tunavyofanya kazi. Picha za Jua zinakuja moja baada ya nyingine, dakika chache katikati. Ukiziangalia hivi hivi huoni kitu, kwa sababu wimbi ni jepesi na taji linang'aa sana. Kwa hiyo kwenye kila picha tunatoa ile iliyoitangulia, kama kutoa kwenye hesabu. Kisichobadilika kinajifuta. Kinachobaki ni kilichosogea tu. Ni njia nzuri, lakini ina ugonjwa wake: darubini ikitikisika hata kidogo, picha moja ikakaa pembeni kwa upana wa unywele, basi ukizitoa, kila kitu chenye ukingo kinaonekana kimesogea. Shimo jeusi la taji lina ukingo mkali. Unapata mstari unaong'aa ubavuni mwake, mzuri kabisa, kana kwamba kitu kimegonga pale na kuanza kurudi.

Siku ile nilikuwa zamu. Duara lilikuja, nililiona, lilikuwa la kweli. Lilifika shimoni. Na picha iliyofuata ilikuwa imetikisika. Nikaiandikia kwamba imeharibika. Nilipompelekea Mkuu jalada niliiweka picha hiyo juu kabisa, doa nje, kama ulivyonilea.

Akaichukua akaiingiza katikati. Alikuwa anakula karanga. Akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole, "Linarudi, unaliona?" Alama ya mafuta ikabaki juu ya Jua. Nikamwambia, Mkuu, nimezipanga picha upya, nikazilinganisha vizuri, mstari umepotea wote. Akasema, "Binti, una mikono ya dobi. Si kila kitu lazima kisuguliwe." Wenzangu wakacheka. Ninakula nao meza moja, Shangazi, au nilikuwa nikila.

Usinielewe vibaya. Wimbi kurudi kupo, wengine wameliona kwenye milipuko mingine na picha zao ni safi. Siku ile tu ndiyo halikuonekana likirudi. Kwa Mkuu inatosha kwamba lingeweza kurudi. Kwa ripoti hii wanategemea kupewa darubini mpya. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Juni, na aliyeshika kalamu ya ajira ni yeye. Nikiandika kwa wahariri walitoe jina langu, watauliza sababu. Sijui nifanye nini. Kila asubuhi nafuta kile kioo, na kila mchana kidole kinarudi.

Povu


Tarehe 19 Mei

Povu mwanangu,

Salamu kwako. Mapacha wa fundi wameanza kucheka. Bei ya sabuni imepanda, nimewabana wenye hoteli, wamelia, wamelipa.

Barua yako nimekaa nayo. Sitakuzungusha. Liache jina lako hapo lilipo.

Najua unavyojisikia. Mimi ni mtu wa kinyaa, naokota unywele kwenye shati la mtu asiyenihusu. Lakini nilianza na beseni moja la kuazima, na najua mtu akishushwa ngazi moja anavyohangaika kuipanda tena. Miaka yote ile hukusoma ili urudi kunyonga mashuka na mimi. Huyo bwana ni mchafu. Vizuri. Wachafu ndio wanaonilisha. Chukua ajira, kaa, siku moja kiti kitakuwa chako na utafuta kioo mara moja kwa wote.

Na pia, mwanangu, tuseme ukweli. Wimbi limerudi, wimbi halikurudi, liko huko juu kwenye moto. Kuna atakayekufa? Kuna mtu atakosa usingizi? Hakuna. Doa lisiloonekana na mtu yeyote si doa.

Baba yako anakunja bado. Kazi inatoka haraka kuliko zamani, hospitali wamefurahi, wameongeza wodi mbili.

Kaza moyo.

Shangazi


Tarehe 25 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimefanya ulivyosema. Barua ya ajira nimepewa leo, ya kudumu. Mkuu alinipa mkono mbele ya wote, mkono wake una unyevu. Nimeunawa, halafu nikaunawa tena.

Jarida litatoka Septemba. Wamenihamishia chumba chenye dirisha.

Huku hakuna habari nyingine. Chakula nakula kantini tena.

Povu


Tarehe 14 Julai

Povu,

Mwezi wa Juni ulipokuwa unaniandikia mistari yako saba, nami nilikuwa nimesimama wodi ya wazazi.

Muuguzi mkuu aliniita. Si kwa simu, alimtuma mlinzi. Nikafika na viatu vya kazini. Kuna mama amejifungua asubuhi hiyo, wamemtandikia shuka letu, limepigwa pasi, kona kwa kona, lina kibandiko chenye jina la duka langu. Amelalia. Aliposogea, katikati pale palipokunjwa ndani, kuna doa la mtu mwingine. Kavu, la zamani, lenye duara lake la kahawia. Mtoto mchanga yuko juu yake, uso umegusa. Muuguzi mkuu hakunigombeza. Alinishikisha tu shuka, akasema, "Mama, linuse." Nililinusa. Tangu siku ile kila ninachokula kina harufu hiyo.

Nikapita wodi zote nikifungua kila furushi mbele ya wauguzi. Mashuka thelathini na mawili. Mengine yalinyunyiziwa maji ya manukato. Baba yako anayafungua, anayaangalia, yenye doa dogo hayafui. Anageuza doa ndani, anapiga pasi, anakunja. Ndiyo maana kazi ilikuwa inatoka haraka. Ile sheria ya nyumba niliyomfundisha, ameishika yote, ila kwa kinyume.

Nilirudi nikamkuta anakunywa chai. Nikayatupa mezani. Unajua alinijibu nini? Hata kikombe hakukiweka chini. "Dada, mbona unajikera bure. Likikaa ndani nani analiona? Kuna aliyekufa?"

Povu, nilikaa chini. Kwa sababu hayo si maneno yake. Yeye hajawahi kuwa na maneno yake maisha yake yote, huokota ya watu. Na sikuwahi kumsomea barua yako wala yangu. Aliyafikia mwenyewe, kwa njia yake, na mimi kwa yangu, tukakutana mezani, ndugu wa tumbo moja. Nilimtazama mdomo wake wenye makombo nikaona ni mdomo wangu.

Hospitali wameiondoa kazi. Sikubishana. Mashine kubwa imezimwa, duka limekuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Nimebaki na hoteli mbili na magauni. Baba yako sijamfukuza. Anakula nje kwenye ngazi.

Yule bwana wako nimempa jina, Bwana Pasi.

Sikuambii ufanye nini. Nilikuambia mara moja. Barua yangu ya Mei, kama bado unayo, iloweke.

Shangazi yako


Tarehe 2 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Pole na mashine. Pole na harufu. Hiyo harufu itatoka, uliniambia mwenyewe kwamba hakuna inayokaa zaidi ya mtu anayeinusa.

Mimi barua ya Mei siilaumu. Nilikuwa natafuta mtu wa kunipa ruhusa, na ningeipata hata kwa mpita njia.

Nimewaandikia wahariri. Sikuandika mengi. Nimeomba walitoe jina langu, na sababu nimeiambatanisha: ile picha iliyotikisika, ya kwanza, juu ya zote, na chini yake zile nilizozipanga sawasawa, ambazo mstari haumo. Nakala nimempa Mkuu mkononi. Aliisoma amesimama. Akaniuliza, "Kwa hiyo utakwenda kufua nguo?" Nikamwambia ndiyo. Akafuta vidole kwenye suruali yake na kuondoka. Jioni barua ya ajira ilikuwa imefutwa, na mwenzangu mmoja, yule aliyecheka zaidi ya wote siku ile ya karanga, alikuja kunisaidia kufunga sanduku. Alikunja mashati yangu vibaya sana, nikamshukuru.

Wahariri hawajajibu. Huenda wasijibu. Huenda Septemba duara likarudi kwenye karatasi nzuri, lenye rangi, likiwa na jina moja juu yake.

Jana mchana, zamu yangu ya mwisho, kulitokea mlipuko mkubwa upande wa mashariki wa Jua. Duara lilitoka safi. Lilipita juu ya nusu ya taji, na kila lilipopita, yale matao ya gesi yanayosimama mbali kabisa yaliyumba, kama nguo kwenye kamba, kisha yakatulia palepale yalipokuwa. Halikukutana na shimo lolote. Halikurudi, kwa kuwa hapakuwa na cha kugonga. Nililitazama mpaka likapotea, nikaandika nilichokiona, basi.

Nakuja Jumamosi, na barua hii nampa dereva wa basi la leo initangulie. Nina sanduku moja na mfuko wa nguo chafu, usihangaike kuandaa kitu. Washa mashine kubwa hata kama haina kazi, nikifika niisikie.

Na huyo mzee aliyeko kwenye ngazi, sijawahi kumwandikia wala kumuulizia, na sijui nitamwita nani nikimwona. Lakini usimfukuze kabla sijafika. Mwambie asubuhi ya Jumapili awe mezani na mikono imenawa. Tutaanza na mfuko wangu. Nitamshikisha nguo moja moja, na ataikunja mbele yangu, taratibu, mpaka aweze, doa likae nje.

Povu